Ziara ya Siku Isiyo na Wageni

Wageni wanne wa leo wamekwama Frankfurt,
ndege yao imegoma.
Petroli nimeshajaza, tiketi nimeshakata,
na hela hairudi.
Nikampigia mama: Vaa viatu vya kutembelea.
Akauliza: Nani amekufa?

Njogu anaendesha. Paa la gari tumelifungua
ingawa Barabara ya Jogoo haina twiga.
Nashika kipaza sauti kwa mazoea:
Karibuni Nairobi, jina tulilopewa na Wamaasai,
maana yake maji baridi.
Mama, kiti cha tatu, mkoba mapajani:
Maji yapi? Kayole bomba limekauka, leo siku ya tisa.
Njogu anacheka hadi anakosa gia.

Naendelea. Kazi ni kazi.
Reli, nasema, ndiyo iliyouzaa mji huu;
hapa palikuwa na tope, mahema, na rundo la mataruma.
Sentensi hiyo nimeitumia miaka kumi na miwili,
imelika kama kipande cha sabuni, imebaki utelezi.
Yeye ametazama upande wa pili,
kwenye mataa, na anasema kama anayetaja bei ya nyanya:
Pale ndipo uchungu wako uliponishika.
Nilikumbatia mlingoti. Si huu mpya, ule walioung'oa.
Mtu wa mkokoteni akamwaga kabeji zake kando ya njia,
akanipakia, akanisukuma hadi Pumwani
akipigia kelele malori.
Hakunidai hata shilingi. Alisema anaitwa Kimeu.

Miaka thelathini na minne
nimelibeba jina hilo kwenye kitambulisho
nikidhani ni la babu.
Kipaza sauti kinakoroma. Nakizima.

Jumba la mikutano. Mama anausoma ubao wa bei,
mkazi, asiye mkazi, mtoto,
anaupigia hesabu ya unga, anaguna.
Kwenye lifti, kabla sijanyoosha mkono,
kidole chake kimeshabonyeza kumi na moja.
Kimekwenda chenyewe.
Miaka kumi na tisa alipanda mpaka hapo
saa kumi alfajiri, ndoo mkono huu, tambara mkono huu,
akashuka kabla wenye viti hawajaja kukalia.
Mlango unafunguka: zulia jipya, ukimya, harufu ya rangi.
Anachungulia kidogo.
Pembe hawafagii, anasema,
na mlango unajifunga.
Juu ya hapo hakuwahi kufika.

Darini upepo unamng'ang'ania leso.
Nampa hotuba yote, sibakizi kitu:
Ngong kule, vifundo vya ngumi;
mbuga ile pale, simba na mji wamegawana uzio mmoja;
na Mlima Kenya, mawingu yakiwa na hisani.
Anaitikia, ndiyo, ndiyo, kwa adabu ya kanisani,
huku macho yake yanahesabu kitu karibu zaidi.
Halafu: Na kwetu?

Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza kwetu.
Nanyoosha kidole mashariki,
kwenye ukungu, moshi, mabati yanayometa.
Mama anakitazama kidole, anatazama mashariki,
anakishika, kama alivyokishika nilipojifunza herufi,
anakisogeza kulia,
kidogo tu,
kidogo tena.
Hapo.

Mbugani hakutaka kwenda.
Simba wana nini cha kuniambia, alisema,
tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala watatu
kwenye gari lililoegeshwa, paa wazi, mvua ikitishia.
Njogu alisema hajawahi kupata mteja wa namna hii.

Jioni, mlangoni kwake, alinishikisha noti
iliyokunjwa mara nne,
alikuwa amesikia kwamba wageni hufanya hivyo.
Nilikataa. Akaniingizia mfukoni kwa nguvu.
Umesema vizuri, akaniambia, huku akitafuta ufunguo.
Lakini ile ya maji, iondoe.